Ndama Aitwaye Brugo

Iko siku moja ya likizo, mwanangu, ambayo sitaisahau hata nikizeeka kweli. Siku hiyo nilimficha ndama dume chumbani mwangu, juu ya blanketi langu, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Cheka tu. Na usiulize kwa nini nakuita mwanangu. Mimi niko kidato cha tatu, wewe bado unapotea njia ya kwenda bwaloni. Hapa bwenini mimi ni mzee wako. Keti.

Unajua desturi yetu. Riwaya nene ikiingia bwenini haingoji mtu mmoja aimalize. Inapasuliwa mgongoni, kila mtu anaondoka na kipande chake. Ile ya falme za milima ya barafu ilikuwa nene kama tofali. Shule zilipofungwa, mimi nilienda nyumbani Nyeri na nusu ya kwanza, na rafiki yangu Wafula, ambaye babake ni polisi Nanyuki, akaenda kwao na nusu ya pili. Alianzia katikati ya vita na wala hakulalamika. Tungebadilishana kabla ya kurudi shule.

Nusu yangu ilinichoma, mwanangu! Kulikuwa na mwanamfalme Orindel, kijana wa upanga unaong'aa, anayependwa mpaka na farasi wa adui. Nilimpenda hadi nikaanza kutembea kama yeye nikienda kukata nepia, yale majani ya ng'ombe. Halafu kulikuwa na Brugo, mzee mnene wa jicho moja, mlinda lango. Mji ulikuwa umezingirwa na maadui pande zote, na katika ukurasa wa mwisho wa nusu yangu, Brugo akatwaa funguo akafungua lango. Basi! Kipande kikaishia hapo. Nilikirusha ukutani. Msaliti! Nilimchukia kuliko sahani ya githeri iliyolala.

Wiki hiyohiyo ng'ombe wetu akazaa ndume. Kwetu ndume hapewi jina. Hatakuja kutoa maziwa, kwa hiyo haikawii pikapu ya mnunuzi kuja kumchukua, na mama alitufundisha tangu utotoni kwamba ukimpa jina utalia. Mimi nikasema huyu atapewa, tena ataitwa Brugo, ili siku ya kuuzwa nifurahi. Kila asubuhi nilimshikia ndoo na kumwambia, "Kunywa, msaliti. Siku zako zinahesabika."

Jioni mama akikamua, nilimsimulia kitabu. Mimi nina jina la babake, kwa hiyo akiwa na furaha huniita "baba," akikasirika nageuka kuwa Ndirangu.

"Baba, hebu ngoja," akasema. "Hao watu wamefungiwa kwa mji. Watoto wanakula nini?"

"Mathe, hiyo haijaandikwa. Hii ni vita, si jikoni."

"Ati mtu aandike kitabu kubwa hivyo asahau chakula ya watoto? Huyo mzee mnamtukana bure. Mimi nangoja nione."

Nilicheka mpaka ng'ombe akapiga ndoo teke.

Ijumaa nusu ya pili ikaletwa na kondakta wa matatu ya Nanyuki, imefungwa kwa gazeti. Juu yake Wafula alikuwa ameandika: *Jiandae kuomba msamaha.* Nilisoma nikila, nikasoma nikikata nepia, nusura nikate kidole. Jumamosi asubuhi, nimeketi mlangoni pa zizi, nikafika pale penyewe.

Orindel wangu alikuwa ameifunga ghala ya nafaka! Chakula kiliwe na askari peke yao, mji usishindwe, naye aimbiwe nyimbo. Brugo alifungua lango kwa sababu nyuma yake walisimama watoto, wameshikana nguo, kimya. Akawapitisha kwenye theluji katikati ya kambi za adui mpaka wakawa salama. Halafu akarudi. Angeweza kwenda zake, mwanangu, lakini akarudi kulifunga lango na kuwangoja askari wa Orindel waje kumkamata.

Nilisimama nikapiga kelele kuku wakatawanyika. Na hapohapo nikasikia honi. Pikapu ilikuwa imefika.

Sikufikiri. Nilimbeba ndama, nikamfungia chumbani pamoja na kitabu, nikatoka nikipiga mluzi.

"Mama Ndirangu, mbona zizi iko tupu?" mnunuzi akauliza.

Kabla mama hajajibu, kitanda changu kikalia "mbuuu."

Mama akafungua mlango. Ndama alikuwa amesimama kwenye blanketi, anatafuna. Kurasa za mwisho za riwaya, zile ambazo sikuwa nimezisoma, zilikuwa zinaning'inia mdomoni mwake.

"Ndirangu! Huyu anafanya nini kwa kitanda?"

"Mathe, hakuwa msaliti! Alikuwa anawatoa watoto!"

Mama akaniangalia, akamwangalia ndama. "Si nilikuambia?"

"Huyu kijana yuko sawa kweli?" mnunuzi akauliza.

Niko sawa. Basi sikiliza, mwanangu. Ukimpenda mtu wa kitabuni, mpende kwa kelele. Ukimchukia, mchukie mpaka urushe kitabu. Lakini usimtangazie hukumu ukiwa na nusu. Hata Orindel nilimchukia siku chache tu, kisha nikakumbuka ni kijana wa umri wangu aliyetaka kusifiwa, na mimi hapo nilikuwa nikitembea kama yeye. Yule mwalimu uliyembandika jina baya, yule kijana wa kitanda cha juu asiyeongea na mtu, una kipande chao kimoja tu. Tafuta kingine.

Mungu akujalie vitabu vinene, mwanangu, na marafiki wa kukutumia nusu iliyobaki.

Ila ukimwona Wafula anataka kunieleza Brugo aliishia wapi, nisaidie kumziba mdomo. Mwaka mzima sasa nakimbia nikiimba ili nisimsikie. Maana siku ile mama alimrudisha mwenye pikapu, akamtoa ndama karatasi mdomoni, akanigeukia:

"Baba, mwambie huyo Wafula akae na mwisho yake huko Nanyuki. Siku nitasikia Brugo alienda wapi, hiyo siku pikapu itarudi."