Mama Alipoifungua Cherehani ya Bibi

Wiki iliyopita mwanamume mmoja wa Kiuyu aliniletea cherehani barazani kwangu hapa Wete, imefungwa ndani ya gunia la karafuu. Ilikuwa ya marehemu mama yake, ile nyeusi ya mkono, nakshi zake za dhahabu zimebaki vivuli. Gurudumu haliendi mbele wala nyuma. Nikamwambia aniachie, maana hiyo ndiyo kazi yangu, kuzifufua cherehani kuukuu. Alipoondoka niliimwagia mafuta ya taa kwenye matundu, na ile harufu iliponipanda puani, mafuta ya taa yakikutana na mafuta ya zamani yaliyoganda, basi mwenzangu, sikuwa tena Wete. Nilikuwa Makangale, juu ya mkeka, na mama yangu ameshika bisibisi.

Nyumba tuliyokuwa tukiishi ilikuwa ya bibi, mama yake baba. Ukisimama uani unauona msitu wa Ngezi, na asubuhi tumbili walituamsha kabla ya jogoo. Chumba cha mbele, chini ya dirisha, ndipo ilipokaa cherehani. Babu alimletea bibi mwaka waliooana, na kwa cherehani ile bibi aliwashonea wanawake wa Makangale magauni, wanaume kanzu, na watoto wachanga nguo zao za arubaini. Hayo nilihadithiwa tu. Mimi nilipopata akili, cherehani ilikuwa imeshakufa.

Iliuawa na mafuta ya nazi. Kuna miaka mafuta ya cherehani yalikuwa hayapatikani madukani, na bibi, ambaye hakuweza kukaa bila kushona, akawa anaitia mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Mwanzo ilikwenda vizuri, chumba kizima kikinukia kama jikoni. Kisha ikaanza kuwa nzito, na siku moja ikakamata moja kwa moja. Fundi mmoja wa Konde alikuja akalilazimisha gurudumu kwa mikono miwili, chuma kikalia, bibi akamtimua. Tangu hapo aliifunika kanga, akamkataza kila mtu kuigusa. "Kama ni kufa, ife na viungo vyake," alikuwa akisema.

Mama yangu hakuwa mtu wa Makangale. Aliolewa kutoka Kiuyu, kwa wavuvi na wakulima, na bibi, sikwambii kwamba alimchukia, ila ni kama hakumwona. Wageni wakija aliwaambia kwamba mke wa mwanawe ni hodari wa jembe, basi, na mama akitabasamu huku akiendelea kuparuza samaki wake.

Mwaka huo Shaabani ilikuwa inaingia. Baba, kabla hajaenda dago kukaa kambini na wavuvi wenzake, alituletea jora la kitambaa cha kijani kibichi chenye maua meupe madogo, nguo za Idd za watoto wote wa nyumba ile, mimi na dada zangu na watoto wa ami. Tulilinusa lile jora. Tulijizungushia mpaka tukagombezwa. Mama akalitia kichwani akaenda nalo Konde, na jioni akarudi nalo vilevile kichwani. Mafundi wote walikuwa wameshajaza kazi, hakuna aliyepokea nguo mpya mpaka sikukuu ipite.

Labda wewe utasema nguo ni nguo tu. Lakini Idd ya nyuma yake tulikuwa tumekwenda uwanjani na magauni ya zamani, langu limenibana kwapani, tukasimama nyuma ya bembea ili tusionekane. Mama alituona. Basi jioni ile alilitia jora sandukuni.

Siku chache baadaye ikaja habari kwamba dada yake bibi, aliyeolewa kisiwani Makoongwe, hajiwezi. Kutoka kwetu mpaka huko ni kukikata kisiwa chote cha Pemba hadi Mkoani, kisha uvuke maji. Tulijua bibi atakawia. Asubuhi bibi alipoondoka, mama alifagia, akatupikia muhogo wa nazi, akahakikisha tumeshiba. Kisha akatandika mkeka chumba cha mbele, akaiondoa kanga juu ya cherehani.

Nilipomuuliza anafanya nini, alinieleza kwa utulivu, kama mtu aliyelifikiria jambo kwa miaka. Mafuta ya nazi yakikaa ukingoni mwa kikaango, alisema, hugeuka utomvu mgumu ambao hautoki kwa maji wala kwa kucha, lakini mafuta ya taa huuyeyusha. Kama kilichoikamata cherehani ni utomvu tu, itafunguka. Kama kimevunjika chuma ndani, basi.

"Na bibi akirudi?"

"Akirudi atanikuta," mama akasema.

Kazi yangu mimi ilikuwa kupanga. Kila kilichotoka kwenye cherehani nilikilaza juu ya mkeka kwa mstari, skrubu yake ubavuni mwake, na ole wake kuku atakayepita. Mama alichovya vyuma ndani ya sufuria kuukuu ya mafuta ya taa, akavisugua kwa kitambaa, na pembe zisizofikika akazipitishia unyoya wa kuku. Utomvu ulitoka wa rangi ya asali iliyoungua. Chini kabisa, mahali uzi wa chini unapokaa, tulichokonoa vumbi la nguo lililoshikana kama pamba: nyuzi nyekundu, za buluu, nyeupe za kanzu. Ilikuwa kama kuwatoa watu wa Makangale mmoja mmoja kutoka humo. Jirani alikuja kuomba chumvi, akaona mkeka, akasema astaghfirullahi, akaondoka bila chumvi.

Siku zikaenda. Vyuma vidogo vilikuwa vinang'aa, lakini gurudumu lilikuwa bado limeshika, na mama alianza kula kidogo. Hapo ndipo bibi aliporudi, kabla ya siku tuliyomtarajia, maana nduguye alikuwa amepata nafuu. Ilikuwa alasiri. Alisimama mlangoni na buibui lake, mfuko mkononi, akaitazama cherehani yake imelala vipande vipande.

Mama akasimama, mikono myeusi mpaka vifundoni. "Mama, nimeifungua mie," alisema. "Watoto hawana kosa."

Bibi alilivua buibui taratibu, akalitundika. Akainama juu ya mkeka, akaufuata mstari wa vyuma kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaokota kile kichuma chenye umbo la mtumbwi kinachobeba uzi wa chini, ambacho mama alikuwa amekiweka karibu na kipande cha msasa.

"Hiki usikipige msasa," akasema. "Kikikwaruzika kitakata uzi."

Akakaa chini.

Walifanya kazi pamoja mpaka adhana ya magharibi. Bibi alilijua tundu moja la mafuta lililojificha nyuma, ambalo mama hakuliona, wakalijaza mafuta ya taa wakaliacha lilale nayo. Asubuhi mama alilishika gurudumu, akalisukuma kwa kiganja, wala si kwa nguvu. Likasogea. Akasukuma tena, likazunguka duara zima, na sindano ikapanda ikashuka. Bibi aliweka mkono juu ya chuma kama anayempima mtoto homa, akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo sana.

Jora likatoka sandukuni. Bibi alikata kwa mkasi wake, akatia uzi, akashona mshono mmoja. Kisha akainuka kwenye kigoda.

"Kaa weye," akamwambia mama.

Mama akasema yeye hajui kushona.

"Na kuifungua ulijua?"

Ramadhani yote walikuwa pale dirishani baada ya alasiri, mbaazi zikichemka jikoni, bibi akielekeza, mama akizungusha mkono wa cherehani, mlio wake ukitufikia mpaka uani. Mishono ya mwanzo ilikwenda upogo, wakaifumua bila maneno. Kisha ikanyooka. Majirani wakaanza kuleta vitambaa vyao, akiwemo yule wa chumvi. Na Idd ilipofika tuliingia uwanjani kundi zima la kijani, tukapita mbele ya bembea polepole makusudi, na bibi nyuma yetu akiwashikisha wanawake pindo la gauni langu. "Tazameni mshono," alikuwa akiwaambia. "Huyo ni mwanangu aliyeshona." Mama alisikia. Nilimwona akigeuza uso upande wa pili, na alipougeuza tena alikuwa anacheka.

Kutoka siku ile hakuna aliyemtaja tena kwa jembe. Alishona mpaka macho yalipochoka, na mimi nikachukua bisibisi.

Bibi alishatangulia, na mama naye. Nyumba imejengwa upya kwa matofali, na ukipita Makangale Ramadhani ikielekea ukingoni, madirisha yako kimya; nguo zinakuja tayari, zimekunjwa ndani ya nailoni, nzuri kabisa, wala silalamiki. Mtoto huiona nguo yake na kuivaa siku hiyohiyo. Sisi zetu tulizisikia kwanza.