Mamba wa Chini ya Dungu

Mdogo wangu tulimtibu kuhara kwa siku kadhaa, na wala hakuwa akihara. Jambo hili nalisema mapema kwa sababu mpaka leo, nina wajukuu, likinijia nashtuka upya.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, masika, mto umefurika na bonde lote la mpunga ni maji. Kama kila mwaka, tulihamia dungu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba, tufukuze ndege na nguruwe. Mama na bibi walikuwa na kazi zao. Yangu, mtoto wa miaka tisa, ilikuwa kumwangalia mdogo wangu wa miaka mitatu asianguke majini. Choo chetu kilikuwa upenyo tu kwenye sakafu ya fito, maji yakipita chini, naye alipenda mno kuuchungulia. Nilipochoka kumvuta kikanzu, nikamwambia chini mna mamba anayekula makalio ya watoto. Akaacha kuchungulia siku hiyohiyo, nami nikajiona hodari wa kulea.

Sikugundua kwamba aliacha na choo pia. Siku ya tano tumbo lilikuwa limejaa, chakula hataki, na kikanzu kinachafuka kidogo kidogo kwa majimaji yenye kunuka. Bibi akasema ni kuhara, na nani angembishia? Tukachemsha majani ya mpera, dawa ya kufunga tumbo, tukamnywesha asubuhi na jioni. Mimi ndiye niliyembana pua ameze. Tumbo likazidi kuwa gumu, akawa analala macho nusu wazi, na mama akaanza kusema mtoto anatutoka.

Tukampakia mtumbwini mpaka nchi kavu, kisha mgongoni mwa mama hadi kwa dresa, mganga msaidizi wa zahanati. Yule bwana alimbonyeza tumbo, akauliza tumempa dawa gani. Mama akamweleza.

"Mama, mtoto huyu amefunga choo," dresa akasema. "Hayo majimaji yanapenya pembeni tu. Nanyi mmezidi kumfunga."

Mama akaketi chini, kwenye saruji. Dresa akamuuliza mtoto mwenyewe kwa nini haendi choo.

"Dada kasema mna mamba," akajibu.

Walinigeukia, nikatamani wanipige, na hakuna aliyenipiga.

Maji ya sabuni aliyopigwa kwa bomba, njia ya haja kubwa, yalilainisha tu. Dresa alisema kilichobaki lazima asukume mwenyewe, na kwamba kuanzia hapo, kila asubuhi baada ya uji, apelekwe choo bila haraka na bila kutishwa. Nyuma ya zahanati palikuwa na choo cha shimo. Alipoliona tundu alilia, akamkataa mama, akamkataa na bibi, akaninyooshea mimi mikono. Nikamchutamisha. Akanikumbatia shingo, akaniuliza kama mamba hayumo. Nikamwambia hayumo. Akaniamini papo hapo, vilevile alivyoniamini kule dunguni, akasukuma.