Rangi ya Krimu

"Nikipaka nyumba rangi, thamani yake inapanda au inashuka?"

Mama aliniuliza hivyo mbele ya jirani yetu, fundi wa mabati mwenye kibanda Kariobangi. Nilikuwa nimetoka kuhitimu shahada ya uchumi.

Tulikuwa tunarudi kutoka ukumbi wa mtaa, ambako afisa wa kaunti alieleza mpango wa kubomoa nyumba zetu za kanju, zile za kupanga za kaunti, na kujenga maghorofa na maduka. Kaunti haikuwa na pesa. Ingekopa, alisema, kisha deni lilipwe na ongezeko la kodi ya ardhi litakaloletwa na majengo mapya. Alichora mstari ubaoni. Hiyo ndiyo thamani ya mtaa leo. Chochote kitakachopanda juu yake kitalipa deni.

"Na kisipopanda?" niliuliza.

"Dada, tuombe mema." Watu wakacheka.

Mama alitoka ukumbini na neno moja tu: thamani. Aliamini wathamini watapita mlango kwa mlango, na kwamba aliyetunza nyumba yake hatakosa nafasi kwenye maghorofa. Hakutaka kingine ila kurudi pale pale alipotulea. Akanunua rangi ya krimu, na buluu ya kupaka chini, akapanda juu ya stuli.

"Mathe, unampaka maiti poda?" jirani akamtania.

"Hata maiti huoshwa. Wewe nishikie stuli."

Akaishika. Kesho yake alikuja na brashi yake kuazima rangi iliyobaki, na punde safu yetu nzima ikawa inanuka rangi. Mimi sikutulia. Kama deni litalipwa na tofauti kati ya leo na kesho, nilimuuliza Mama, nani anafaidika tukionekana wa thamani leo?

"Umesoma sana," alisema. "Nipe brashi."

Mthamini hakuja. Mama aliacha kwenda sokoni asubuhi, chupa ya chai ikimngoja mgeni mezani. Kilichokuja ni ilani, na baadaye tingatinga. Ukuta wa mbele ulipolala, chumba chetu kilibaki wazi kwa kila mpita njia, na kuta zake za kijani kilichochakaa. Ndani hatukuwa tumepaka.

Sasa Mama amepanga chumba Baba Dogo. Kwenye kiwanja chetu limesimama jengo moja tu la ghorofa, na maduka ya chini yamefungwa karibu yote. Tukipita hapo, huniuliza kama huenda wathamini walikuja siku ile moja aliyokwenda kanisani.

Mwaka huu nilikutana na mtu niliyesoma naye, aliyefanya kazi kwa wathamini wa mradi ule. Mstari ulikuwa umeshawekwa kabla hatujaitwa ukumbini. Walithamini ardhi peke yake. Nyumba zote ziliandikwa sifuri, kwa sababu kadiri mwanzo unavyokuwa chini, ndivyo ongezeko la kukopea linavyoonekana kubwa.