Nilda na Kipimo cha Usingizi

Nilda Bonatto alikuwa mbishi, na watu wa kompyuta wote pale Curitiba walilijua hilo. Ukimwambia maji yamechemka, atataka kipimajoto. Ila Julai ile mbele ya mtu mmoja tu ubishi ulimwisha: mumewe Ariovaldo, aliyelala mgonjwa chumba cha pili cha nyumba yao, mapafu yakimchoka siku hadi siku.

Ariovaldo aliacha kazi haijakamilika. Laptopu kuukuu za shule ya mtaani kwao zilikuwa zikipata moto na kumaliza betri kabla ya kipindi cha pili. Tatizo alilijua. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ikikosa kazi hulala, na kiini cha mfumo, programu inayoiongoza mashine nzima, ndicho kinachoamua ilale usingizi mwepesi au mzito. Mzito ndio unaookoa umeme. Kwa prosesa zile za zamani kiini kilikuwa kioga, kikiziacha kwenye mang'amung'amu tu. Ariovaldo akarekebisha mistari kumi na minne ya kiini hicho, kisha akashindwa kuinuka kitandani. Ilibaki kupima, na Tapani, mzee wa Kifini anayesimamia sehemu ile ya kiini, akubali.

"Nataka niione imeingia, Nilda," alimwambia mkewe. "Niione kwa macho yangu. Basi."

Nilda akapima, akatuma. Tapani akajibu: "Bi Nilda, namba zako hazionyeshi nafuu yoyote. Siwezi kuyaingiza marekebisho haya."

"Nafuu haipo? Mzee wa barafu huyu ana wazimu!" Akapima tena na tena, jibu lilelile. Wiki mbili zikateketea hivyo, na Ariovaldo akabaki mifupa.

Kila akimaliza kupima, Nilda alinyemelea mlango wa chumba cha pili na kuufungua taratibu. Alhamisi mchana ilikuwa mara ya tano siku hiyo.

"Ari, umelala?"

"Nilikuwa nimelala. Sasa mke wangu, nitalala saa ngapi, na wewe kila dakika unakuja kuniuliza kama nimelala?"

"Nakuangalia tu, mzee."

"Huko kuangalia kwako ndiko kunakoniamsha!"

Nilda akaganda mlangoni. Loo! Programu yake ya kupimia ilikuwa ikiiuliza prosesa mara mia kwa sekunde kama imelala, na kila ikiulizwa ilibidi iamke ijibu. Ingelala saa ngapi?

"Mjinga mimi! Mjinga wa kutupwa!" akapiga kelele, akamweleza. Ariovaldo akacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Nilda akaifuta ile programu, akafunga mita kwenye waya wa umeme, nje ya mashine, akakaa mbali. Wati tisa zikashuka hadi tano. Akatuma jioni ileile. Na akajiapiza kwamba mlango ule hataufungua tena mpaka aitwe.

Jumatatu, saa nane mchana, jibu likafika. "Namba safi. Nimeyaingiza. Mwandishi: Ariovaldo Bonatto. Aliyepima: Nilda Bonatto. Mpe mumeo hongera zangu."

Nilda alikimbia machozi yakimtiririka, akashika kitasa. Akatega sikio. Pumzi zilisikika, nyepesi, zimetulia. Usiku kucha maskini hakufumba jicho kwa kukohoa. Akaachia kitasa. Acha apumzike, alijiambia, ataiona akiamka.

Akachemsha mbegu za msonobari alizozipenda mumewe, akaweka sahani mezani, na laptopu kando yake imefunguliwa pale penye jina. Akakaa. Mbegu zikapoa, akazipasha moto. Zikapoa tena. Saa kumi na moja alikuwa bado hajaitwa, akaufungua mlango.

Daktari alisema alifariki kama saa kumi. Saa kumi, jamani! Saa mbili nzima Nilda alikaa na habari ile mezani, na mwenyewe yu hai nyuma ya mlango. Angemwamsha, mzee angenuna kidogo, angesoma mstari mmoja. Hakuna siku Nilda aliyojichukia kama ile.

Mwezi uliofuata mwalimu mkuu alimpigia simu.

"Mama, laptopu zinafika mpaka saa saba mchana! Mmefanyaje?"

"Zinalala vizuri," Nilda akajibu, akakata simu.

Akaenda chumba cha pili, akaufungua mlango bila kunyemelea.

"Ari," akaita mbele ya kitanda kitupu, "umelala?"