Mkoba Niliokataa Kupokelewa

Mama mkwe wangu hamsalimii mgeni kabla hajampokea mzigo. Akiona mtu anashuka kwenye bodaboda kule juu barabarani, huacha usipa wake, wale dagaa wa ziwani, kichanjani, hufuta mikono kwenye kanga, hupanda kilima huku ameinyoosha yote miwili. Kwanza mzigo, ndipo karibu. Huubeba mwenyewe hata ukiwa mzito, akaenda kuuweka chini ya kitanda chake. Siku ya kuondoka huutoa tena na kukusindikiza nao hadi barabarani. "Mgeni ambaye mzigo wake umekaa mlangoni," husema, "huyo bado yuko njiani."

Jina lake ni Gertrude. Anakaa kijiji kidogo kupita Mbamba Bay, na tangu alipoolewa kazi yake ni kuanika usipa. Mumewe alipofariki aliendelea na kazi hiyo hiyo, akawasomesha watoto wake wawili, mume wangu Cleopa na wifi yangu Siwema. Mikono yake ina makovu madogo madogo ya miiba ya samaki, na hata akiogea sabuni ya harufu, harufu ya ziwa haitoki. Cleopa alipokuja Litembo kwa kazi ya useremala akanioa mimi, mtu wa kahawa na baridi, mama huyu alinifundisha kula samaki aina ya mbasa bila kukwama mwiba. Sikuwahi kuwa na neno naye.

Neno lilikuja na Herieth, kitinda mimba wangu. Alipokuwa mdogo alionja mchuzi wa usipa nyumbani kwetu. Midomo ikavimba, kifua kikaanza kupiga mluzi, tukakimbia naye hospitali. Daktari alisema ni mzio, yaani aleji; mwili wa mtoto unawakataa samaki, na siku nyingine inaweza kuwa mbaya zaidi. Alinipa dawa ya maji ya kutuliza vipele. Baadaye daktari mgeni aliyekuja kufanya kazi kwa muda alitupatia sindano iliyo kama kalamu, ya kuchoma pajani mtoto akishindwa kupumua, kisha kumkimbiza hospitali. Ilikuwa moja tu. Niliishonea mkoba wa kitambaa kinene, wenye mkanda wa kuvaa kifuani.

Kwa muda mrefu sikushuka ziwani. Cleopa alikuwa akimwambia mama yake kwa simu, lakini mama alichosikia ni kwamba mtoto hapendi samaki. "Hata wewe ulikuwa hupendi," alimjibu. "Mleteni, atazoea." Mwisho akaanza kuuliza mjukuu wake anafichwa milimani kwa kosa gani. Likizo ya Juni ilipofika, Cleopa akabaki kwenye kuchuma kahawa, mimi nikafunga safari na mtoto. Kwenye basi kondakta alitaka kila kitu kikae nyuma na mizigo. Nilimpa begi la nguo. Mkoba nilibaki nao, nimeufunika kitambaa kibichi, maana tulivyozidi kuteremka kuelekea ziwani ndivyo joto lilivyozidi, na dawa ile haitaki joto.

Mama alitukuta barabarani kama kawaida yake. Nilimpa begi. Akanyoosha mkono tena kwenye mkoba. Nikaushika.

"Huu acha tu, Mama. Shikamoo."

Mkono wake ulibaki hewani. "Marahaba," akasema, taratibu.

Siwema alikuwa nyuma yake. "Mama, mwache. Watu wa milimani wakishuka huku hushika mifuko yao. Wameambiwa tunaiba."

"Wifi, ni dawa za mtoto."

Akaligonga begi, likalia. Ilikuwa sufuria yangu. "Na hii nayo dawa? Au jiko lako linakuja na basi la kesho?"

Nilicheka, maana wifi akikutania huna budi kucheka. Mama hakucheka. Kumpelekea mama mkwe sufuria ni kumwambia jiko lake chafu, nami nilijua.

Tulipokaa nilimweleza yote, kuanzia mchuzi hadi kalamu. Alisikiliza akiangalia vichanja vyake.

"Kwa hiyo samaki wangu wanaweza kumuua."

"Wanaweza, Mama."

"Na mikono yangu?"

"Sijui, Mama."

Akainuka, akasugua mikono kwa majivu na ndimu mpaka kwenye viwiko. Kisha hakumgusa mtoto. Siku zile nilimwona akimpungia Herieth kutoka upande wa pili wa uwanja, kama mtu anayeaga. Chakula cha mtoto nilipika mwenyewe, kwa sufuria yangu, kwenye mafiga niliyoyapanga pembeni. Mkoba sikuuacha. Nilioga nao ukiwa umening'inia mlangoni mwa bafu, nikalala nao. Niliona nimefanya kila ambacho mama anaweza kufanya.

Asubuhi moja nilimwacha Herieth amelala, nikashuka ziwani kufua. Mkoba ulikuwa kifuani. Upepo wa Juni ulikuwa mkali. Nikiwa nimeinama kwenye jiwe nilimsikia Siwema anakuja mbio, anaita, "Wifi! Dawa! Lete dawa!"

Kukimbia kwenye mchanga ni kama kukimbia ndotoni. Mkoba ulinipiga kifuani kila hatua, na hapo ndipo nilipoelewa. Niliuchunga mkoba kama mboni ya jicho, lakini anayeuhitaji nilimwacha kule juu. Dawa ilikuwa imenifuata mimi, ambaye si mgonjwa.

Herieth alikuwa ameamka na baridi akatoka nje. Bibi yake aliangaza huku na huku, hakuona mtu, akamfunika kwa kanga aliyokuwa ameivaa begani, ile ya kichanjani. Mtoto akasinzia mapajani pake. Nilimkuta ana mabaka shingoni na mikononi, jicho moja limevimba. Mama alikuwa ameshaitupa kanga mbali, anamwosha kwa maji na sabuni.

Nilishika kalamu mkononi. "Herieth, sema bibi yako anaitwa nani."

"Bibi Gertrude. Mama, nawashwa."

Sauti ilikuwa safi. Niliweka sikio kifuani, hakukuwa na mluzi. Nikampa dawa ya maji iliyokuwa mkobani, Siwema akaita bodaboda, tukaenda zahanati. Muuguzi alitukalisha pale akimsikiliza kifua mara kwa mara, hadi mabaka yakafifia na mtoto akaomba chapati.

Tuliporudi, mama alikuwa amekaa kizingitini. Kunguru walikuwa wanakula usipa kichanjani na hakuwafukuza.

"Mama Herieth, nusura nikuulie mtoto."

"Ulimwosha, Mama. Mimi ndiye sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

"Ziwani."

"Na dawa?"

"Ziwani."

Aliutazama mkoba. Safari hii hakunyoosha mikono. Mama yule ambaye hupokea hata kapu la mpita njia, alikuwa ameificha mikono yake chini ya kanga. Nikauvua mkoba.

"Mama, nipokee."

Alinawa kwanza. Kisha akaupokea kwa mikono miwili, lakini hakuupeleka chini ya kitanda. "Nionyeshe."

Nilichukua gunzi la muhindi likawa kalamu. Nikamwonyesha: toa kifuniko, kandamiza pajani kwa nje, hata juu ya nguo, shikilia, usiogope, kisha zahanati mbio. Alijichoma gunzi mara nyingi, kisha akamgeukia Siwema.

"Mama, mimi mzima!"

"Tulia. Paja lako kubwa, linafaa kujifunzia."

Tangu siku hiyo mkoba ulikaa kifuani kwake. Vichanja alimwachia Siwema. Herieth akienda kwenye mawe, bibi alikuwa nyuma yake hatua chache, mikono mgongoni. Mimi nililala usingizi wa mchana, jambo ambalo sikumbuki kulifanya tangu mtoto huyu aonje mchuzi ule.

Siku ya kuondoka alilitoa begi chini ya kitanda, akalibeba kichwani hadi barabarani, sufuria ikilia ndani. Siwema alifuata na kifurushi cha nailoni. Pale barabarani, mbali na vichanja, mama alinawa kwa maji ya chupa, akafungua nailoni, akatoa kanga mpya ambayo haijafuliwa. Akaivaa kuanzia mabegani. Ndipo akamwinua Herieth, akamkumbatia, akakaa hivyo hadi kijana wa bodaboda akapiga honi.

Akauvua mkoba. Nilinyoosha mkono, hakunipa mimi. Aliufupisha mkanda kwa fundo, akamvisha mjukuu wake.

"Utembee nao mwenyewe," alimwambia. "Mama yako atakuwa hapo hapo nyuma."

Kisha akaivua ile kanga, akaikunja kwenye mikunjo yake ya dukani, akairudisha kwenye nailoni na kumkabidhi Siwema.

"Usiiweke jikoni," akasema. "Hii ni ya kumpokelea."