Klova Iliyokatwa Jumapili

Taimi Kuusiniemi hakuwa mtu wa magomvi. Miaka hamsini na minane aliyoishi kaskazini mwa Finland, hata ng'ombe mkorofi alimsemesha kwa upole. Lakini siku ile ya Mei, theluji ilipomaliza kuyeyuka, alisimama shambani amefura kwa hasira.

Shamba lilikuwa jeusi, linanuka uozo. Upande mmoja ilipandwa klova, majani ya malisho, ya mbegu ya kusini. Upande wa pili, klova ya marehemu mama yake, iliyolisha ng'ombe wao vizazi vitatu. Bwana shamba, Rautio, alikuwa akizipima: ipi inazaa zaidi, ipi inavuka baridi. Itakayoshindwa itafutwa kwenye orodha ya mbegu, isiuzwe tena.

"Zote zimekufa, mama," Rautio alisema huku akiandika. "Ya kusini angalau ilitupa majani mengi. Yako haizai, na baridi nayo haiwezi."

"Haiwezi? Nani aliikata mara ya tatu, Septemba?"

Rautio akakohoa. Taimi alikuwa amemwambia waziwazi: ikishapita sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, mwishoni mwa Agosti, klova haiguswi. Iachwe iweke akiba mizizini, na mabua yake yashike theluji iwe blanketi. Yeye akavizia Jumapili, Taimi yuko kanisani, akalinyoa shamba lote kama kichwa cha kuruta, apate kilo za kujaza karatasi zake.

"Hayo ni mambo ya wazee, mama."

"Haya, twende nikuonyeshe wazee."

Akamshika mkono wa koti, akamvuta mpaka kwenye rundo la mawe, katikati ya klova ya mama yake, mahali mashine ya kukatia ilipokwepa. Kuzunguka mawe yale klova ilikuwa imechipua, mbichi, imesongamana.

"Hii nayo imekufa? Ing'oe basi!"

Rautio akavuta. Majani yakamkatikia mkononi, mzizi haukutikisika.

Wakaingia ndani. Kahawa ilikuwa tayari, mikate ya iliki iko mezani. Kule, mgeni atanyimwa salamu kabla hajanyimwa kahawa. Taimi akakaa, mikono mapajani.

"Leo hunimiminii?" Rautio akauliza.

"Andika kwanza siku uliyokata. Na yale mawe uyaandike. Mungu alikuona, mimi nataka na ofisi yako ione."

Rautio akaandika, masikio yamemwiva. Taimi akavaa miwani, akasoma neno kwa neno, akamrudishia karatasi. Ndipo akammiminia kahawa, kikombe kimejaa.

Mikate akaifunika kitambaa, isiguswe.