Namba Kumi na Nne ya Kusubiri

Februari ile mama alipiga marufuku mtu yeyote kugusa simu yangu. Hata mimi mwenyewe.

Naitwa Solbi, wa mji wa Daegu, Korea Kusini. Nilikuwa nimeomba chuo kimoja kikubwa cha Seoul, majibu yakatoka kimeo: sikupita, sikufeli. Nimewekwa kwenye orodha ya kusubiri, namba kumi na nne.

Baba akafurahi. "Wa kumi na nne kati ya maelfu? Mwanangu kichwa."

"Baba, hapo sijapita. Wenzangu kumi na watatu wakikataa kwenda, ndiyo napigiwa simu mimi."

"Sasa nani akatae kwenda pale?"

Swali lilikuwa zuri.

Chuo kimoja cha hapahapa Daegu kilishanikubali. Mama hakutaka hata kukisikia. Majirani aliwaambia, "Solbi kapita Seoul, wanamtafutia kiti tu."

Akaanza kupanda mlima kila asubuhi kwenda hekalu la Wabudha, anasujudu mara mia na nane kama ilivyo desturi yao. Siyo kwa ajili yangu. Alikuwa anawaombea wale kumi na watatu.

"Wapate vyuo vikubwa zaidi," alisema huku akijichua magoti. "Waende hata ng'ambo. Watoto wa watu wana akili wale, wasije kubanana na wewe."

Dua zikaitikiwa, jamani. Kumi na nne ikawa tisa. Tisa ikawa tatu. Siku ya mwisho ya kuita watu niliamka nikiwa namba moja.

Saa nane mchana nikaingia bafuni kuosha nywele. Natoka, namkuta mama jikoni anakata kimchi, kabichi yetu ya pilipili, kwa mkasi, uso umemnawiri.

"Nimemkomesha tapeli mmoja."

"Tapeli gani?"

"Kapiga kwenye simu yako, tena kwa namba ya mkononi, siyo ya ofisi. Eti anatoka chuoni, nijibu sasa hivi unaenda au huendi, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Haraka hiyohiyo ndiyo waliyomwibia nayo shangazi yako. Nikamuuliza kama mama yake anaijua hiyo kazi yake. Kapiga tena, nikamfungia kabisa."

Taulo likanidondoka. Nikaipiga ile namba.

Dada aliyepokea alikuwa mpole. "Pole sana. Namba kumi na tano alikubali kabla sijamaliza kumweleza."

Mama aliweka mkasi chini, akakaa sakafuni.

"Kumi na watatu wote waliondoka," akasema. "Mbingu zilimaliza kazi yake yote. Mimi ndiye niliyekata simu."

Sasa niko mwaka wa pili, hapahapa Daegu, na sijambo kabisa. Majirani wameambiwa Seoul niliikataa mwenyewe.

Mdogo wangu unayesoma hapa, ukiambiwa subiri, hujakubaliwa. Hujakataliwa pia. Kishike chuo kilichokwisha kukutaka.

Na simu yako ipokee mwenyewe.